Mama amebadilishiwa goti: mazoezi ya nyumbani yafanyweje katika nyumba ya ngazi, Lamu?

Binti wa Mkomani (Lamu) ameuliza:

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 67 na anaishi na kisukari, alibadilishiwa goti la kulia huko Mombasa baada ya kuteseka kwa miaka mingi na ugonjwa wa kulika viungo. Amekwisha kurudi Lamu, nyuzi za kidonda zimetolewa, kovu limefunga vizuri, na sasa yumo katika wiki ya tatu. Hospitalini tulipewa karatasi yenye michoro ya mazoezi, lakini michoro yenyewe inamwonyesha mtu aliyelala juu ya kitanda cha chuma na kutembea katika ukumbi mpana, ilhali sisi tunaishi katika nyumba ya mawe ambayo chumba cha mama kiko orofa ya kwanza, na ngazi zake, kama anavyojua kila aliyekulia mji huu, ni nyembamba na kila kidato ni kirefu.

Tatizo langu kubwa zaidi, hata hivyo, ni watu. Shangazi zangu wameshikilia kwamba mama akae ndani arubaini nzima kama mzazi, awekewe mto mnene chini ya goti, na akandwe kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto asubuhi na jioni. Kaka yangu, kwa upande wake, anataka goti likunjwe kwa nguvu hata mama akilia, kwa hoja kwamba lisipokunjwa sasa halitakunjika tena. Mama mwenyewe anasema mto unampa raha na kwamba akiondolewa hapati usingizi. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi au waliopitia haya: ni mazoezi gani hasa yafanywe na kwa kiasi gani, maumivu ya kiwango gani yavumiliwe, na je, kukandwa kuna faida au madhara? Jambo la mwisho ni swala. Mama anaswali juu ya kiti lakini hana raha nayo, na kila siku ananiuliza ni lini atasujudu.

Mtaalamu wa Viungo (Malindi) amejibu:

Wa aleykum salaam dada, na pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni tiba ya viungo na nimehudumia wagonjwa wengi wa magoti hapa Malindi. Nitakujibu kwa kadiri ya ulivyoeleza, ila maagizo ya daktari aliyempasua mama ndiyo ya kufuatwa pale yatakapotofautiana na yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mfupa wenyewe.

Nitaanza na mto, kwa sababu kati ya yote uliyoyataja huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Goti lililovimba hupata nafuu likikunjwa kidogo, kiasi cha digrii 30, kwa kuwa katika mkao huo nafasi iliyo ndani ya kiungo hupanuka na maji yaliyojaa hayalibani sana. Mama hadanganyi anaposema kwamba anapata raha. Lakini hizi ndizo wiki ambazo kovu la ndani linajijenga, na goti linalolazwa limepinda usiku kucha hujengewa kovu lililopinda. Mgonjwa wa namna hiyo husimama baadaye akiwa hawezi kulinyoosha goti kikamilifu, mguu mmoja ukawa kama mfupi kuliko mwingine; huchechemea, misuli ya mbele ya paja huchoka hata akiwa amesimama tu akizungumza na jirani, na kiuno nacho huanza kuuma. Watu hupima mafanikio ya upasuaji huu kwa kuuliza goti linakunjika kiasi gani, na kaka yako ni mmoja wao. Mimi huuliza kwanza linanyooka kiasi gani.

Kwa hiyo mto uondolewe chini ya goti, na badala yake liviringishwe taulo liwekwe chini ya kisigino, ili goti libaki hewani na uzito wake wenyewe ulivute chini polepole. Aanze na dakika tano, mara kadhaa kwa siku, akielekea dakika kumi. Akitaka kuinua mguu ili uvimbe upungue, mguu wote uinuliwe kwa mito iliyopangwa kuanzia kwenye tafu hadi kisigino, uwe juu ya usawa wa moyo. Angalieni pia kitanda: kikiwa ni cha kamba na kimelegea katikati, basi kinafanya kazi ileile ya mto, nanyi hamna habari.

Zoezi la pili ni kukaza misuli ya mbele ya paja. Akiwa amelala chali na mguu umenyooka, aikaze misuli hiyo kana kwamba anataka kuligandamiza goti kwenye godoro, ahesabu hadi tano, kisha aachie. Arudie mara kumi. Zoezi hili huonekana dogo hata wagonjwa wengi hulidharau, lakini katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji nguvu za misuli hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu, na sababu kubwa si kwamba nyama imekonda, bali ni kwamba uvimbe na maumivu huufanya ubongo uizuie misuli isifanye kazi. Ndiyo sababu goti huweza kumlegea mtu ghafla akiwa njiani. Anapoweza kukaza vizuri, ainue mguu mzima ukiwa umenyooka, kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka kitandani, aushushe taratibu. Goti likipinda wakati wa kuinua, maana yake ni kwamba misuli bado haijawa tayari, na arudi kwenye kukaza.

Ndipo tufike kwenye kukunja. Mwekeeni kiti imara kwenye sakafu laini, avae soksi, auteleze wayo kuelekea nyuma chini ya kiti hadi pale goti linapokaza, akae hapo kwa sekunde kumi hivi, kisha aurudishe mbele. Akiwa kitandani anaweza kupitisha leso chini ya wayo, akashika ncha zake mbili na kuvuta kisigino kuelekea makalioni. Faida ya leso ni kwamba mwenye kuvuta ni mwenye goti, naye anajua pa kusimamia; mkono wa kaka haujui. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike digrii 65 hadi 70, kupanda ngazi za kawaida huhitaji zaidi ya 80, kushuka hukaribia 90 au zaidi, na kuinuka kwenye kiti huhitaji kati ya 95 na 105. Ngazi za Lamu, kwa urefu wa vidato vyake, huhitaji zaidi ya ngazi za kawaida. Mwisho wa wiki ya sita tungependa awe amevuka 90 kwa wepesi.

Vipindi vitatu vifupi kwa siku, vya dakika 15 hadi 20, ni bora kuliko kipindi kimoja kirefu cha mateso. Dawa ya maumivu anywe nusu saa hivi kabla ya kuanza. Maumivu yanayotarajiwa ni ya kukaza na kuvutwa, ambayo anaweza kuyavumilia huku akiongea, na yanayotulia baada ya muda mfupi. Kipimo cha kweli huonekana asubuhi ya pili: goti likiamka limevimba na kukaza kuliko jana, basi jana lilizidishiwa, na leo apunguze idadi ya marudio bila ya kuacha mazoezi kabisa.

Kuhusu kukandwa, shangazi zako wana nia njema, lakini mafuta ya moto katika wiki hizi huongeza uvimbe, na tafu la mguu halifai kusuguliwa kwa nguvu hata kidogo, kwa kuwa mgonjwa wa upasuaji huu yumo katika hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Kovu likishakauka na kufunga kabisa, daktari akiridhia, kovu lenyewe linaweza kusuguliwa polepole kwa mafuta ya kawaida yasiyo moto ili ngozi isishikane na nyama. Kwa sasa kinachomfaa ni barafu iliyofungwa ndani ya taulo, dakika 15 hadi 20 baada ya kila kipindi, na kwa sababu mama ana kisukari na huenda ngozi yake haihisi vizuri, mtu aifunue na kuitazama ngozi kila baada ya dakika chache. Sukari yenyewe idhibitiwe, kwa maana sukari iliyopanda huchelewesha kupona na hufungua mlango wa maambukizi.

Mwalimu Mstaafu wa Shela (Lamu) amejibu:

Mwanangu, mimi nilibadilishiwa goti la kushoto, na sasa natembea Shela hadi mjini kwa miguu maji yakitoka. Ya kitaalamu yamekwisha semwa na sitayarudia. Nitaongeza yale ambayo karatasi za hospitali haziyajui kwa sababu waliozichora hawajapata kuishi kwetu.

Kwenye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa ndio unaotangulia kushuka. Bakora huenda pamoja na mguu uliopasuliwa. Mahali tambarare bakora hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, yaani mama yako aishike kwa mkono wa kushoto, ijapokuwa kila mtu atamwambia aishike upande unaouma. Vidato vyetu havina mahali pa kushika, basi mwite fundi seremala afunge ubao au kamba nene ukutani, kwa kimo cha nyonga ya mama, kuanzia chini hadi juu. Mafundi wanaochonga milango ya Lamu hawatashindwa na kazi ya namna hiyo. Mtu asimame chini yake wakati anaposhuka, awe kidato kimoja mbele, wala asimvute mkono. Jiko likiwa juu kwenye kidari cha meko, mama asifanye haraka ya kwenda kusimamia mapishi. Kupanda mara moja kwa siku, kwa zamu, akiwa na mtu, kunatosha katika wiki hizi.

Choo cha kuchutama asikikaribie. Sisi tulimwagiza seremala atengeneze kiti kirefu chenye tundu, kinachowekwa juu ya choo, chenye mikono ya kujiinulia. Hata viti vya kukalia viwe virefu, nyonga iwe juu kuliko goti. Baraza za daka ni chini mno, na mtu wa goti jipya akikaa pale bila godoro chini yake atahitaji watu wawili wa kumwinua, na mmoja wao lazima atamshika kwapa na kumuumiza bega. Mbuzi ya kukunia nazi, bila shaka, ampe mwingine.

Njiani, adui yake si umbali bali ni punda. Mji wetu hauna magari, lakini vichochoro ni vyembamba, na punda aliyebebeshwa mawe hampishi mgonjwa. Atoke mapema asubuhi kabla shughuli za mizigo hazijaanza, au alasiri kwenye njia ya pwani, isipokuwa siku za bamvua maji yanaporuka na kulowesha mawe. Jahazi na mashua azisubirishe mpaka aweze kupanda na kushuka ngazi za nyumba yake bila wasiwasi, maana gatini ngazi zina utelezi na chombo hakitulii. Na asiingie baharini kwa dhana kwamba maji ya chumvi yataponya kidonda. Kovu lifunge kabisa kwanza, na daktari aseme.

Kuhusu swala, mwambie mama kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwambia Imran bin Husain aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Aliyeruhusiwa na Mtume hana sababu ya kuona swala yake ni pungufu. Nilichofanya mimi ni kuswali nikisimama kwa kisomo na rukuu, kisha nikakaa kitini kwa sijda na tahiyatu, na kusimama kule na kukaa, mara kwa mara kwa siku, kukawa ni sehemu ya mazoezi ya paja.

Mkaazi wa Langoni (Lamu) amejibu:

Naheshimu waliotangulia, lakini naomba shangazi zako wasipuuzwe kiasi hicho. Mjomba wangu alihimizwa mno na vijana wake baada ya upasuaji kama huu, akazungushwa mtaani kabla ya wakati, na goti likavimba hata akashindwa kusimama kwa siku kadhaa, na hapo ndipo alipolichukia goti lenyewe na mazoezi yake yote. Mwili wa mtu mzima unahitaji mapumziko. Isitoshe, goti hili ni chuma na plastiki. Likitumiwa kwa nguvu mapema si litalegea na kumlazimu apasuliwe tena?

Mtaalamu wa Viungo (Malindi) amejibu:

Ndugu yangu, kuhusu mjomba wako nakubaliana nawe kwa ukamilifu, na kisa chake ni onyo linalomhusu kaka wa muulizaji zaidi kuliko shangazi zake. Uvimbe ni mwalimu mkali. Unapoongezeka, misuli ya paja huzimika, na mgonjwa aliyesukumwa hurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mapumziko yana nafasi yake, tena mguu ukiwa umeinuliwa, kati ya kipindi na kipindi. Ninachokipinga ni arubaini ya kitandani. Damu isiyotembezwa huganda, kifua hujaa, na kovu la ndani haliwangoji wazee wamalize mashauri yao. Mama apige wayo juu na chini mara kumi au ishirini kila saa anapokuwa macho, na asimame atembee chumbani mara nyingi fupifupi.

Kulegea kwa goti si jambo la kuhofiwa kutokana na mazoezi haya. Sehemu zake hufungwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu inayokauka mgonjwa akiwa bado mezani, au hutengenezwa ili mfupa uziotee wenyewe, na daktari akiruhusu kukanyaga basi amekwisha kulipima hilo. Utafiti uliokusanya rekodi za nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban magoti 8 kati ya 10 ya aina hii hudumu miaka 25. Vinavyolichosha goti bandia kwa haraka ni kukimbia na kuruka kwa miaka mingi, na uzito mkubwa wa mwili. Wala havifanani na kuinua mguu kitandani.

Kwenye swala, Mwalimu amesema yanayotosha. Nitaongeza moja tu ili mama asipewe ahadi ya uongo. Kukaa juu ya visigino kama tunavyokaa kwenye tahiyatu huhitaji goti likunjike kiasi cha digrii 150, na magoti mengi yaliyobadilishwa huishia kati ya 110 na 125. Kupiga goti kwenyewe hakuvunji kitu, na baadhi ya watu hurudi kupiga goti juu ya mkeka mnene baada ya miezi kadhaa kwa idhini ya daktari, lakini wengi hubaki na kiti, na ni vyema ajue hivyo tangu sasa.

Binti wa Mkomani (Lamu) ameandika:

Mwalimu, shikamoo, na nyote nawashukuru. Mto tumeuondoa. Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, mama alinuna na shangazi zangu wakaninunia pamoja naye, lakini sasa anakubali taulo la kisigino iwapo atapewa kwanza dawa yake, na amependezwa na habari ya leso kwa sababu inamwondoa kaka mikononi mwake. Barafu tunaipata kwa jirani anayeuza vipakiti, na ikikosekana tunanunua kwa wafanyabiashara wa samaki. Yamebaki mambo matatu yanayomtia hofu. Goti linatoa mlio anapolikunja, kama vyuma vinagongana, na ngozi ya upande wa nje wa kovu haina hisia, ilhali goti zima bado lina joto kuliko lile la kushoto. Je, tumrudishe Mombasa?

Mtaalamu wa Viungo (Malindi) amejibu:

Kwa hayo matatu pekee, hapana. Mlio ni wa chuma kukutana na plastiki, nao hauna madhara usipoambatana na maumivu makali au goti kukwama. Ganzi ya upande wa nje hutokana na vijishipa vya fahamu vya ngozi ambavyo hukatwa wakati wa kupasua. Hupungua eneo lake kadiri miezi inavyokwenda, ingawa kipande kidogo huenda kisirudi. Joto la wastani hudumu kwa miezi, hasa jioni baada ya kutembea.

Lakini msikawie hata kusubiri kesho mkiona mojawapo ya haya: kovu kuanza kutoa maji au usaha, wekundu unaotambaa, homa yenye kutetemeka, au maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua. Tafu likivimba, likawa gumu na kuuma likiguswa, mpelekeni siku hiyohiyo King Fahd hapo kisiwani. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, hiyo ni dharura, hata ikiwa ni usiku wa manane. Na kabla ya kung'olewa jino, mwambieni daktari wa meno kwamba ana goti bandia, ili awasiliane na aliyempasua.

Kwa kupima maendeleo hamhitaji chombo. Mpigeni picha kwa ubavu, mara moja kwa wiki, kwa kiti kilekile: moja akiwa amenyoosha, nyingine akiwa amekunja hadi mwisho wake. Akinyoosha kitandani, jaribuni kupitisha kiganja chini ya goti. Nafasi hiyo inatakiwa izibe kadiri siku zinavyopita. Picha hizo pelekeni mnapokwenda kumwona daktari katika wiki ya sita. Ikiwa wakati huo hajafika digrii 90, au bado hanyooshi, msikubali kuambiwa tu muendelee kuvumilia. Mwombeni daktari azungumzie kulikunja goti akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa sababu tendo hilo hufaa zaidi likifanywa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na likicheleweshwa kovu huwa limekomaa. Leo jioni anzeni na picha ya kwanza.